Nyama ya Jirani

Baba yangu alikuwa akipuliza mapafu ya mbuzi. Akishachinja, kuchuna na kupasua, kabla hajagusa kitu kingine chochote, aliingiza mkono kifuani mwa mnyama na kupapasa taratibu huku amefumba macho. Kisha aliyatoa mapafu yakiwa mazima pamoja na koromeo lake, akaweka mdomo, akapuliza. Yakivimba na kubaki yamevimba, alisema, "Yetu." Akikuta yameshikamana na mbavu, au akiyazamisha kwenye beseni la maji na kuona viputo vinapanda, alitikisa kichwa na kusema, "Ya jirani." Mbuzi huyo, kuanzia shingo hadi paja, alikuwa si wetu tena.

Nilikua Ngarenaro nikidhani kila nyumba ina nyama yake na nyama ya jirani. Kazi yangu ilikuwa kuipeleka. Nilipakia kwenye bakuli letu la bati lenye maua mekundu, nikafunika kwa sahani, nikapita kwenye pengo la ukuta hadi nyumba ya pili. Kule mwanamke mwenye nyumba alinipokea kwa dua. Nilirudi na bakuli likiwa limeoshwa na kutiwa ndizi mbivu au maembe, kwa sababu chombo cha watu hakirudishwi kitupu.

Sisi ni Wayahudi. Nina miaka hamsini na mitatu na bado mkono unasita kuandika sentensi hiyo. Babu wa baba alitoka Yemeni, akapanda kutoka pwani na biashara ya chumvi na ngozi, akaishi kwanza upande wa Momela chini ya mlima, kisha wanawe wakahamia mjini. Waislamu wa mtaani walituona Waarabu. Walutheri waliotoka Kilimanjaro, kwa kuwa waliona hatufungui karakana Jumamosi, walituona Wasabato. Hatukumbishia mtu. Baba alisema uongo ni kitu unachokitamka, na yeye hajawahi kutamka kitu. Nimelifikiria jibu hilo maisha yangu yote na bado naliona ni la mtu mwoga, ingawa nampenda.

Alikuwa fundi ngozi. Mikanda, makoba na viatu vya wazi vya kwenda shamba. Lakini mtaa ulimjua zaidi kwa kisu chake. Kilikuwa kirefu, kisicho na ncha, na alikipitisha juu ya ukucha kabla na baada ya kuchinja, kutafuta hata pengo dogo ambalo lingemuumiza mnyama. Watu walimletea kuku Ijumaa asubuhi, walimletea mbuzi wa harusi na wa akika. Walimsikia akinong'ona jambo kabla ya kukata, wakaridhika. Alichokuwa akinong'ona hakikuwa walichodhani, ila kilikwenda kwa Mungu yule yule, na mnyama hakuteseka.

Mama yangu alifariki nikiwa na miaka minne. Aliyenilea hasa ni huyo mwanamke wa nyumba ya pili, niliyemwita mama mkubwa. Alinisuka, alinifundisha kusonga ugali usio na mabuje, alinichapa nilipostahili na mara mbili hivi nisipostahili. Kwake kulikuwa na sufuria moja kubwa, limeungua kwa nje hadi likawa jeusi tii, lililopika pilau ya kila Idi. Pilau hiyo baba hakuwahi kuionja. Alisema ana vidonda vya tumbo. Alikuwa akienda pale, anakaa, anakunywa chai ya rangi, anasifu harufu, anarudi nyumbani kula maharage yake. Miaka arobaini ya vidonda vya tumbo, na mama mkubwa hakuacha kumpikia uji wa ulezi na kumwagizia dawa za mitishamba. Mimi pilau nilikula. Nilikula kwa siri, nyuma ya jiko, na nilikula hasa.

Nimesema haya yote ili nieleweke ninapofika kwa shangazi.

Shangazi, dada pekee wa baba, aliondoka Arusha akiwa msichana, akaolewa Ulaya, katika nchi ndogo ya milima inayojisifu kwamba haipigani na mtu. Vita vikubwa vimepita mipakani mwake na yenyewe imebaki ikikamua ng'ombe. Mumewe alikufa, watoto hawakujaliwa. Kila Ijumaa saa tisa alasiri, kabla ya Sabato kuingia, alipiga simu. Kiswahili chake kilibaki kile kile alichoondoka nacho, cha wanawake wa Arusha ya zamani, na swali lake la kwanza lilikuwa lile lile: "Mlima umeonekana leo?" Nilitakiwa kutoka nje, niutazame Meru, ndipo nijibu. Siku moja nilijibu nikiwa nimekaa, akajua.

Miaka ya karibuni sauti yake ilianza kubadilika. Kwanza alisema kuna chama kimeshinda viti vya baraza la mji wake, na wanaume wenye makoti yanayofanana wanasimama uwanjani kila Jumapili bila kusema neno. Kisha mtu alichora nyota ya Kiyahudi kwenye kisanduku chake cha barua. Majirani wa ngazi moja naye, watu aliowapa keki kila mwaka mpya, walianza kumsubiri apite ndipo wafungue milango yao.

"Mwanangu, huku hawapigani na mtu," aliniambia. "Ila siku hizi wanahesabu. Huyu wa hapa, huyu si wa hapa. Ufashisti nilidhani ni neno la vitabuni."

Wiki iliyofuata alisema ameliondoa jina lake kwenye kengele ya mlango. Iliyofuata, amekiondoa kile kibweta chenye maandiko ya dini yetu kwenye mwimo wa mlango, alichokibandika siku ya harusi yake. Alisema mbao chini yake imebaki nyeupe na kila akipita anaiona.

Baba alikuwa na miaka themanini na minne, yeye sabini na tisa. Baba akachukua simu mkononi mwangu, jambo ambalo hakulizoea, na kwenye simu huwa anapiga kelele. "Rudi nyumbani!" akasema. "Chumba kipo!"

 Simu ilikuwa kwenye spika, nilimsikia shangazi vizuri. "Nitarudi, kaka. Lakini nimechoka kujificha. Nikija huko nitakuwa nani? Mwarabu au Msabato?"

 Baba alinirudishia simu na kwenda karakana. Jioni hiyo, baada ya kuwasha mishumaa yetu nyuma ya pazia kama siku zote, akasema bila kunitazama kwamba, kama nyumba itafunguliwa, watu wajue sisi ni nani, basi wa kwanza kuambiwa awe yule wa nyumba ya pili, kwa sababu ana haki. "Wewe ndiye mwanaye," akasema. "Kamwambie wewe."

Nilifurahi. Lazima niseme hivyo, maana ndilo jambo linaloniudhi zaidi nikikumbuka. Nilijiona kama mtu anayekwenda kutoa habari njema. Wakati huo kulikuwa na vita vya mbali vilivyoingia kwenye simu za watu wote, picha za watoto chini ya kifusi, na neno Myahudi lilikuwa likitemwa mitaani na watu ambao hawajawahi kumwona hata mmoja. Mama mkubwa alizilia picha zile. Na mimi nilizilia, tukiwa tumekaa kwenye mkeka mmoja. Nikajiambia: ndiyo maana lazima asikie kutoka kwangu, mtu aliyemsuka.

Nilimkuta uani anamenya ndizi. Nikachukua kisu cha pili, nikamenya nne au tano, ndipo nikasema.

Hakushtuka. Aliendelea kumenya. "Nilijua kuna kitu," akasema. "Mtu hawezi kuumwa tumbo miaka arobaini na asikonde."

Tukacheka. Nilimshika goti. Akauliza kuhusu mama, kama naye alikuwa Myahudi, nikasema naye. Akauliza kuhusu maneno ambayo baba ananong'ona akichinja, nikamwambia maana yake. Akatafakari, akasema hilo halimsumbui, watu wa Kitabu wanakula cha wenzao, alishamsikia shehe akieleza. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyoomba. Laiti ningenyamaza hapo, ningerudi nyumbani nikiwa na kila kitu.

Lakini aliuliza, kama mtu anayemalizia maongezi tu: "Na mapafu, huwa anayapuliza ya nini?"

Nikamweleza. Nilieleza kwa majivuno, kama mwalimu mbele ya ubao. Kwamba sisi mnyama mwenye kasoro mapafuni hatumli. Kwamba yakivuja au yakishikamana na mbavu, mnyama mzima ni haramu kwetu. Kwamba hata sufuria iliyopika nyama isiyo yetu inaharamisha kila kinachopikwa ndani yake. Kwamba hatutupi, Mungu hapendi uharibifu, sheria inaturuhusu kumpa asiyebanwa nayo. "Baba huwa anasema, hii yetu, hii ya jirani," nikasema, na nilikuwa bado natabasamu.

Kisu chake kilisimama katikati ya ndizi.

"Ya jirani," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Kwa hiyo ile nyama uliyokuwa unaniletea kwenye bakuli la maua. Yote?"

Nikaanza kusema haikuwa mbovu, kwamba daktari wa mifugo angeipitisha bila wasiwasi, kwamba wala haikuwa na ugonjwa.

"Sikuuliza kama ilikuwa mbovu, mwanangu. Nimeuliza kama mliikataa."

Sikuweza kudanganya. Uongo ni kitu unachokitamka, na siku hiyo sikuutamka. Mama mkubwa alinawa mikono kwenye ndoo, akajifuta kwa kanga, akaingia ndani. Alirudi na bakuli letu, maana wiki ile lilikuwa kwake. Alinikabidhi likiwa tupu.

"Nilikuwa nawaombea dua," akasema. "Kila mara. Nilikuwa nasema, Mungu awazidishie hawa, hawali bila kutukumbuka. Wanangu nimewalea kwa nyama ile. Myahudi si neno, mngekuwa hata waabudu mizimu ningewazoea. Lakini mngeniambia, chukua, sisi hatuli. Ningechukua! Nani anakataa nyama? Ila ningejua ninachokula ni nini kwenu."

Nilirudi kupitia pengo la ukuta. Baba alikuwa amesimama karakana akisubiri, na alipoliona bakuli tupu hakuhitaji maelezo, akakaa.

Sitaki kumsingizia. Mama mkubwa hakututangaza. Alimwambia binti yake mmoja tu, aliyeolewa Kijenge, kwa sababu mtu akiumia lazima aseme na mtu. Binti akaandika kwenye kundi la simu la ukoo wao. Jumatatu ilikuwa habari ya nyama iliyokataliwa. Jumatano ilikuwa nyama yenye ugonjwa. Kufikia Ijumaa ilikuwa kwamba Wayahudi wa Ngarenaro wamewalisha Waislamu vibudu kwa makusudi miaka arobaini, na kuna mtu aliyejua mtu aliyekufa. Hiyo ni hadithi ya zamani sana. Wahenga wetu walikimbizwa nayo nchi baada ya nchi, na daima ilikuwa uongo mtupu. Mimi peke yangu, katika ukoo wote, nimewapa watu kipande cha ukweli cha kuijengea.

Ijumaa hiyo baba alikaa na kisu chake kwenye benchi tangu saa moja asubuhi. Hakuna kuku aliyeletwa. Saa sita alikipitisha juu ya ukucha, akakifunga kwenye kitambaa, akakiweka juu ya kabati, na sijamwona akikishusha tena. Siku mbili baadaye tuliamka tukakuta lango limeandikwa kwa mkaa: WALISHA VIBUDU. Nililisugua kwa sabuni. Rangi ya lango ilitoka, maandishi yakabaki kama kivuli.

Mwenyekiti wa mtaa alikuja na mjumbe wake. Alimwamkia baba shikamoo kwa adabu zote, akakubali kiti, akakataa chai. Alikuwa hajawahi kukataa chai kwetu.

"Mzee, serikali haina dini," akasema. "Na sisi kama ofisi ya mtaa hatuna upande. Hapa kila mtu ni raia. Tunachoomba tu, mzee upumzike kuchinja, na kama kuna mgeni mnayemtarajia kutoka nje, basi labda asubiri, mambo yapoe."

"Mgeni ni dada yangu," baba akasema. "Amezaliwa nyumba hii."

"Naelewa, mzee. Sisi hatuna upande."

Alikuwa mtu mwema, na ninaamini alilala vizuri.

Tiketi ya shangazi ilikuwa ya mwezi uliofuata. Baba akanikataza nisimwambie. Alisema aje, akishafika atafanya nini, atageuza ndege? Nikaitika. Lakini alipopiga Ijumaa na kuuliza kama mlima umeonekana, nilitoka nje kama kawaida, na ili niuone mlima lazima nisimame langoni. Nikasimama pale na simu sikioni, mbele ya kile kivuli cha mkaa, na nikashindwa. Nilimweleza kila kitu, bakuli, ndizi, mapafu, kundi la simu.

Alisikiliza hadi mwisho. "Masikini yule mama," akasema kwanza. Sijasahau kwamba alimfikiria yeye kwanza. Kisha akasema, "Basi mimi nibaki, mwanangu. Huku wanichukie tu, nimeshawazoea. Sitaki kuja kuchukiwa na watu wanaojua Kiswahili."

Nilimsihi. Nilisema mambo yatapoa. Akasema bila shaka yatapoa, na akaniomba nimwambie sasa, umeonekana au haujaonekana. Nikamwambia umefunikwa.

Hakusafiri. Aliendelea kupiga simu majuma kadhaa, na baba aliendelea kuzungumza naye kana kwamba safari imeahirishwa tu. Kisha ikaja Ijumaa ambayo simu haikulia. Tulipiga sisi, ikaita hadi ikakatika. Tulipiga Jumamosi usiku baada ya Sabato kutoka, tukapiga Jumapili. Jumanne akapokea mwanamume, afisa, akatafuta Kiingereza chake na kunieleza kwa upole. Alianguka jikoni. Alikuwa amekaa pale chini siku nne au tano, na katika hizo, walivyokadiria, kwa siku moja nzima au zaidi alikuwa bado hai. Maziwa ya mlangoni yalikuwa yamerundikana. Watu wa ngazi ile waliyaruka wakipita. Nikamuuliza kama kuna mtu aliyemdhuru, akasema hapana, hakuna aliyemgusa. Hakuna aliyegonga mlango pia.

Kwetu aliyefiwa anakaa chini siku saba na watu wanakuja kwake. Kwa Arusha nzima ni hivyo hivyo, msiba ni wa mtaa. Turubai linafungwa, viti vinaletwa, wanawake wanashika jiko bila kuombwa, na hata uliyegombana naye anakuja, kwa sababu kutokwenda msibani ni jambo lisilosameheka. Nilikodi viti arobaini. Nilivipanga mwenyewe uani. Baba alichana ukosi wa kanzu yake, kama afanyavyo mfiwa wa kwetu, akakaa kwenye mkeka, mgongo ukutani, akitazama lango.

Siku ya kwanza walikuja ndugu zetu wachache kutoka upande wa Momela, wakaondoka jioni. Siku ya pili alikuja mchungaji mmoja mzee wa Kilutheri ambaye baba alimshonea viatu, akaomba kwa ufupi, akatazama viti, akaondoka. Siku ya tatu hakuja mtu hadi adhuhuri. Nilikuwa na hasira ambayo sijui niieleze vipi. Nilitaka kuvipiga teke viti vile kimoja kimoja.

Ndipo nikasikia kandambili kwenye pengo la ukuta. Mama mkubwa aliingia akiwa amejifunga kanga mbili, amebeba lile sufuria lake jeusi kwa vitambaa, mzigo uliomzidi umri. Sikuinuka kumpokea. Hakunitazama. Alipita katikati ya viti vitupu hadi kwenye mkeka, akaliweka sufuria mbele ya baba, akaketi chini, polepole, kwa sababu ya magoti.

"Pole, mzee," akasema. "Nimeambiwa ni dada."

"Dada," baba akasema. "Alikuwa mmoja tu."

Akafunua mfuniko. Mvuke ukapanda. "Nimewaletea maharage," akasema. "Hayana mapafu."

Sikujua kama ni utani au ni kisu. Hata leo sijui, na sijamuuliza. Alipakua kwenye sahani, akamwekea baba mkononi, akabaki anamwangalia usoni, bila kupepesa. Alikuwa anajua sasa kwamba vidonda vya tumbo havikuwapo. Alijua sufuria lile limepika nyama ya nani na nani katika Idi zote zile, na ya kwamba kwa sheria yetu hata maharage yakipita mle si chakula chetu. Nilikuwa nimemweleza mwenyewe, siku ile ya ndizi, nilipokuwa najiona mwalimu.

 Baba akachukua kijiko, akala. Alikula yote, akafuta sahani kwa kidole, akamrudishia aongezewe.